Mbunge wa upinzani tumpime kwa karatasi zake: makala (mkaa), nyumba na maandamano, tukiangalia kutoka Lubumbashi

Bunge la Taifa la Kongo (RDC) lina viti 500. Hoja ya kumwondoa waziri mmoja haipokelewi bila saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50. Ya kuiangusha serikali nzima inadai robo, yaani 125. Baada ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 upinzani ulibaki kundi dogo, na ili kuzifikisha hizo 50 lazima uende kubembeleza watu wa upande wa pili. Ukishaijua hesabu hiyo, utaacha kumwuliza mbunge wa upinzani kwa nini hajamwangusha mtu. Utamwuliza ameandika nini, amempelekea nani, tarehe ngapi, na amejibiwa nini.

Huku Lubumbashi tumezoea kupima watu kwa sauti. Aliyefoka redioni jana ndiye shujaa wa leo, video yake ya dakika mbili inapita simu hadi simu, na wiki ijayo hakuna anayeikumbuka. Hotuba haimlazimishi mtu yeyote kujibu. Swali lililoandikwa linamlazimisha waziri, ombi la wananchi linamlazimisha aliyepelekewa, na barua ya taarifa ikishagongwa muhuri pale meri (ofisi ya meya), meya hawezi tena kusema hakujua. Kwa hiyo tukitaka kuijua kazi ya mpinzani juu ya tabianchi, makazi na haki za raia, tufungue faili lake kwanza.

Katika mji huu mambo hayo matatu yamefungana. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme, mbabula (jiko la makala) unawashwa. Makala ya mbabula yanatoka kwenye misitu ya miombo ya barabara ya Kasenga, ya Likasi na ya Kipushi. Mvua za Novemba zikianza, maji yanaingia kwa waliojenga kandokando ya Naviundu na Kafubu, na wengi wao hawana hati ya maana. Wakitaka kwenda kumlalamikia meya, wanaambiwa hawana ruhusa ya kutembea kwa kundi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 imeyataja yote: kifungu cha 34 juu ya mali, cha 48 juu ya nyumba nzuri, maji na umeme, cha 53 juu ya mazingira safi, cha 26 juu ya maandamano, cha 27 juu ya ombi kwa wakubwa. Mpinzani asiyeijua namba hiyo ya 27 bado hajaanza kazi.

Swali linalojibika

Kifungu cha 138 kinampa kila mbunge vyombo vya kuikagua serikali: swali la mdomo au la maandishi, swali la mambo ya siku hizi, interpelasyo (kumhoji waziri mbele ya Bunge), tume ya uchunguzi, na kumwita mtu mbele ya kamati. Wengi hukimbilia interpelasyo kwa sababu ina kamera. Sisi tunalipenda zaidi swali la maandishi. Halina kelele, ila linaleta namba, na bila namba interpelasyo yenyewe inakuwa mahubiri.

Tuchukue makala. Swali bovu ni hili: “Serikali ina mpango gani wa kulinda misitu ya Haut-Katanga?” Waziri atajibu kwa nusu saa, atataja programu kabambe, washirika wa maendeleo na utashi wa Mkuu wa Nchi, kisha atakaa. Swali zuri linafanana na hili:

“Kwa mkoa wa Haut-Katanga, miaka 2023, 2024 na 2025: vibali vingapi vya kukata kuni na kuchoma makala vilitolewa kila mwaka, na kwa maeneo gani? Vilileta franka ngapi, na ziliingia katika akaunti ipi? Hekta ngapi zilipandwa miti upya, mahali gani, na katika miti hiyo mingapi ilikuwa hai mwaka mmoja baadaye? Naomba nakala ya ripoti za ukaguzi zilizotumika kujibu.”

Limetaja mkoa, miaka, akaunti na karatasi anayoidai. Sehemu ya miti iliyobaki hai ndiyo inayouma. Kupanda ni kazi ya siku moja yenye waandishi wa habari, lakini mche uliopandwa Machi, mvua zikikaribia kwisha, unaingia kwenye kiangazi kirefu bila mizizi. Mwaka ukipita unahesabu vijiti. Mbunge anayejua hilo atadai hesabu ya pili kila mara, na atauliza upandaji ulifanyika mwezi gani.

Halafu lazima ajue hesabu ya tanuri. Tanuri la udongo la kawaida linatoa kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa mti uliowekwa, maana yake tani moja ya makala imekula tani 5 hadi 10 za mti. Mti mbichi unashusha kiwango hicho, kwa sababu sehemu ya moto inaishia kukausha maji. Basi kanuni ndogo ya mkoa inayodai mti ukauke kabla ya kuingizwa tanurini, na mchomaji afundishwe kuziba nyufa za udongo, inaweza kuokoa msitu kuliko marufuku inayotangazwa kwa kipaza sauti. Marufuku peke yake huzaa kizuizi kipya barabarani, kizuizi huzaa hongo, na hongo inaongezwa kwenye bei ya gunia. Anayeilipa ni mama anayepika bukari (ugali) kwenye komini (manispaa) ya Katuba.

Juu ya makubwa ya tabianchi kuna namba moja ambayo upinzani unaitumia kidogo mno. Katika ahadi yake ya kimataifa iliyosahihishwa mwaka 2021, Kongo ilisema itapunguza gesi joto kwa asilimia 21 kufikia 2030. Katika hizo, 19 zinategemea msaada wa nje na 2 tu ni za nguvu zetu wenyewe. Nchi za nje zinaulizwa kila siku juu ya zile 19. Swali la mbunge wa Kongo ni juu ya zile 2: ziko kwenye mstari upi wa bajeti ya mwaka huu, na zimetumika kiasi gani?

Swali likishaandikwa linaweza kufa kwa njia nyingi. La kwanza, limepelekwa kwa waziri asiyehusika: taka za mgodi zinawagusa Madini na Mazingira, kiwanja kinamgusa wa Ardhi, nyumba inamgusa wa Urbanisme na Habitat (mipango miji na makazi), na kila mmoja anafurahi kusema “siyo kwangu”. Dawa ni kuwaandikia wawili kwa barua mbili zinazotajana. La pili, ofisi ya Bunge inalipokea na kuliweka kabatini hadi kikao kifungwe. Kikao cha kwanza cha mwaka ni tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, cha pili 15 Septemba hadi 15 Desemba. Swali lililoletwa wiki ya mwisho ya Mei limejichimbia kaburi. La tatu, waziri amekuja, mjadala umeanza, na mbunge wa walio wengi anasimama na hoja ya utaratibu kuuzima. Hapo mwenye swali anabaki na kitu ikiwa tu alikwisha kudai na kupata majibu ya maandishi.

Kifo cha nne kinawahusu wanaotaka kubadilisha bajeti. Serikali huleta muswada wa fedha mwisho tarehe 15 Septemba. Mbunge haruhusiwi kuongeza matumizi wala kupunguza mapato bila kuonyesha fedha itakakotoka. Pendekezo la “nyumba za bei nafuu kwa kila mkoa” bila mstari wa kukata halipokelewi, na mwenyewe anarudi jimboni kusema amenyimwa. Hakunyimwa, hakufanya hesabu. Anayefanya kazi atasema: toa kiasi fulani kwenye gharama za uendeshaji za taasisi fulani, weka kwenye mifereji ya komini ya Kampemba, na hii hapa taarifa ya utekelezaji wa bajeti inayoonyesha mstari huo ulivyotumika mwaka jana. Taarifa hizo Wizara ya Bajeti huzitoa, na kuzisoma ni kazi ya kuchosha. Ndiyo maana wanaozisoma wanahesabika.

Nyumba: kwanza karatasi, matofali baadaye

Kwa wapangaji, sheria ipo na ni fupi. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti (dhamana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mjini mwenye nyumba anaomba sita na zaidi, komisioneri (dalali) anaongeza wake, na mpangaji anakubali kwa sababu kuna wengine watatu nje wanaosubiri. Hapa mpinzani hana haja ya kutunga sheria mpya, ingawa sheria mpya ndiyo inayoleta jina. Afadhali aulize ofisi ya habitat ya kila komini: mikataba mingapi ya upangaji iliandikwa kwenu mwaka huu, mashtaka mangapi ya garanti yalipokelewa, mangapi yalisuluhishwa? Jibu likiwa sifuri mahali fulani, usidhani huko watu wanapendana. Mikataba haiandikwi, au inaandikwa miezi mitatu huku fedha za miezi minane zimetolewa mkononi bila risiti. Mpangaji akienda mahakamani anaonyesha karatasi inayomhukumu mwenyewe.

Viwanja ni vigumu zaidi. Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya Leta (serikali), raia anapewa haki ya kuitumia. Karatasi ya komini inaonyesha kwamba unakaa pale, haikufanyi mwenye pale. Njia yenyewe inapita kwenye upimaji wa kadastre (ofisi ya upimaji wa ardhi), mkataba wa muda wa kupanga kwa Leta ambao ndani yake unatakiwa kukiendeleza kiwanja, kisha setifika (hati yenyewe ya kiwanja). Setifika ikimaliza miaka miwili bila kupingwa haishambuliki tena. Aliyeporwa anabaki kudai fidia tu. Miaka hiyo miwili ndiyo silaha ya waporaji. Wanatengeneza hati kimya kimya, wanasubiri, hawajengi kitu. Kwenye komini ya Annexe, ambako mashamba yanageuka vitongoji, mkulima aliyeuziwa na chifu anajua habari siku tingatinga linapofika.

Mbunge afanye nini? Asiichukue kesi ya mtu mmoja na kuipigia simu mahakama. Huko ni kuingilia waamuzi, na kesho mpinzani wake atafanya vilevile kwa upande wake. Adai orodha: setifika zilizotolewa katika kitongoji fulani kwa miezi 24 iliyopita, namba za viwanja, tarehe, bila haja ya majina ya watu. Orodha hiyo ikibandikwa kwenye ukuta wa komini, kila mkaaji anaangalia namba yake mwenyewe akiwa bado na muda wa kupinga. Katiba imeuachia mkoa kazi ya kutoa na kutunza hati, kwa hiyo mbunge wa mkoa ana mkono mrefu zaidi hapa kuliko yule wa Kinshasa.

Siasa nayo inajua nguvu ya hati za nyumba. Juni 2016 mahakama ya amani ya hapa ilimhukumu Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga aliyekuwa amehamia upinzani, miaka mitatu jela bila yeye kuwepo, katika kesi ya nyumba moja ya Lubumbashi; hukumu hiyo ilifutwa Kinshasa mwaka 2019. Katikati hapo ulipita uchaguzi mzima wa urais wa Desemba 2018, na yeye hakugombea. Ulinzi wa sajili ya ardhi ni suala la nyumba, na ni suala la haki za raia pia.

Barua ya maandamano

Kifungu cha 26 kinadai waandaaji wamtaarifu mkubwa wa utawala kwa maandishi. Hakidai ruhusa. Lakini dekreti-sheria namba 196 ya tarehe 29 Januari 1999, ya kabla ya katiba hii, bado inatolewa mezani na wanaotaka maandamano ya barabarani yaombewe kibali. Kazi iliyo wazi ya upinzani ni sheria ya kutekeleza kifungu cha 26 inayoifuta hiyo ya 1999 kwa namba yake. Kila mbunge ana haki ya kuleta pendekezo la sheria. Linapelekwa serikalini, serikali ina siku 15 za kutoa maoni, zikipita pendekezo linaingizwa kwenye mjadala.

Wakati huo haujafika, barua inaandikwa hivi: anayeandikiwa ni meya wa mji, nakala kwa kamanda wa polisi wa mji. Lengo liwe sentensi moja. Siku, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Wanaosahau saa ya kumaliza wanawapa polisi sababu. Njia itajwe avenyu kwa avenyu, ikikwepa lango la kambi na la hospitali. Idadi inayotarajiwa, majina na simu za waandaaji wawili au watatu, na idadi ya walinzi wa msafara pamoja na rangi ya kitambaa chao. Nakala mbili. Ya pili irudi na muhuri, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Sekretari akikataa kugonga muhuri, jambo la kawaida kabisa, barua inapelekwa na wisie (tarishi) wa mahakama, ambaye ataandika kwamba ameipeleka na imekataliwa. Gharama yake ni bora kuliko kubishana mlangoni. Meya akiwa na hofu ya usalama, njia yake ni kuzungumza na waandaaji juu ya njia au siku. Barua ya kukataa isiyotaja sababu mahususi inafaa kutunzwa kwenye faili lilelile.

Ambaye hawezi kuandamana ana kifungu cha 27: ombi la mtu mmoja au la wengi kwa mkubwa yeyote wa umma, jibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeshtakiwa kwa kuandika. Tunashangaa linavyotumika kidogo. Linakwenda vizuri na kalenda ya Bunge: ombi lililopokelewa tarehe 1 Juni linatakiwa kujibiwa kabla ya tarehe 1 Septemba, wiki mbili kabla ya kikao kufunguliwa. Bila jibu, mbunge anaingia tarehe 15 na muhuri mkononi. Maombi mengi hufa kwa sababu yanaomba mambo kumi kwa mara moja, au saini 400 hazina avenyu wala namba ya nyumba, basi zinasemwa ni za kubuni.

Tangu Rais Tshisekedi azungumzie mabadiliko ya katiba huko Kisangani mwezi wa Oktoba 2024, upinzani umeshika kifungu cha 220 kwa mikono miwili, kwa sababu kinalinda idadi na urefu wa mihula ya urais. Sawa. Ila kifungu hichohicho kinakataza pia marekebisho yoyote ya kupunguza haki na uhuru wa mtu au madaraka ya mikoa. Wapinzani wakizungumzia muhula tu, mpangaji wa komini yetu ya Kenya na mchomaji wa makala hawaoni kinachowahusu. Kinawahusu, lakini nani amewaambia?

Maji ya mgodi na ile asilimia 15

Mapema Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda kimoja cha madini yalimwagika kwenye vitongoji vya Lubumbashi, na waziri wa madini akasimamisha kazi za kiwanda hicho kwa miezi mitatu. Kusimamisha ni rahisi. Kilicho kigumu ni ushahidi, na unapotea haraka: mvua moja kubwa, na kilichobaki ni matope. Sampuli inatakiwa siku ileile, sehemu tatu: juu ya mahali pa kumwagikia, palepale, na chini yake. Chupa safi ya lita moja kwa kila sehemu. Ya soda iliyooshwa haifai. Iandikwe saa, mahali na jina la aliyechota, ifungwe mbele ya mashahidi, iwekwe pa baridi, ifike maabara ya chuo kikuu haraka. Sampuli ya juu ndiyo husahauliwa, na bila hiyo wakili wa kampuni atasema mto ulikuwa mchafu tangu zamani.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya mradi. Swali la mbunge ni dogo: naomba uchunguzi wa kiwanda hiki, kurasa zinazohusu bwawa, na ripoti ya mwisho ya ukaguzi.

Fedha nazo zipo. Kodi ya uchimbaji, kwa Sheria ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018, inagawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 mkoa, 15 eneo la utawala ambamo mgodi upo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mji na komini vyote ni maeneo ya utawala yenye haki yake, na hapo ndipo ugomvi juu ya 15 unapoanzia. Desemba 2023 Lubumbashi ilipiga kura ya madiwani wa komini pia, kwa hiyo sasa kuna mtu aliyechaguliwa wa kuulizwa, hata kama hana gari wala kamera. Aombe taarifa ya akaunti ya komini ya kila miezi mitatu: kiasi kilichoingia, kampuni iliyolipa, kilichojengwa. Kisha achukue ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa fedha za madini, ambako malipo ya kampuni yanatangazwa, alinganishe mwaka kwa mwaka. Kampuni ikisema imelipa na komini ikisema haijaona, diwani apeleke karatasi zote mbili kwa mbunge wa mkoa na kwa yule wa taifa siku hiyohiyo, kila mmoja asaini kwamba amezipokea.